Mtangazaji na Beki wa Kushoto

Jina lake sitaliandika. Watu wa Nyeri wenye umri wangu watamjua kabla hawajafika katikati, na wasiomjua hawatapungukiwa na kitu. Sisi tulimwita Mtangazaji. Mke wake pia alimwita Mtangazaji, hasa akiwa amekasirika, na siku hizo hazikuwa chache.

Nilimjua kwanza akiwa na upana wa inchi ishirini, mweusi na mweupe, na mstari mmoja ukimpanda usoni kila baada ya dakika mbili. Mimi ni fundi wa redio na televisheni. Nilikuja Nyeri kutoka Magharibi nikimfuata kaka yangu aliyekuwa polisi. Kaka akahamishwa, mimi nikabaki, kwa kuwa nilikuwa na televisheni sita za watu ambazo sikuwa nimemaliza kuzitengeneza. Duka langu lilikuwa nyuma ya soko. Jumamosi alasiri niliweka televisheni moja nzima dirishani, ikitazama nje, na watu wakasimama barabarani kuangalia mpira. Stesheni ilikuwa moja tu nchi nzima, na sauti ya mpira ilikuwa yake.

Lawama ya kwanza dhidi yake ni kwamba alichelewa. Alikuwa na sheria: hasemi goli mpaka refa aonyeshe kati. Mpira umeingia wavuni, kipa amelala kifudifudi, watu mbele ya duka langu wamekumbatiana na mmoja wao amepoteza kiatu, naye Mtangazaji bado anasema kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa, "Mpira uko ndani ya wavu. Tunamngojea refa." Tukamngojea refa. "Refa ameonyesha kati. Ni goli." Kufikia hapo watu walikuwa wameshachoka kufurahi na mwenye kiatu alikuwa anakitafuta.

Miaka mingi baadaye, alipokuwa amestaafu na tumezoeana, nilimuuliza kwa nini aliwatesa watu hivyo.

"Fundi," akaniambia, "wewe ukichomelea waya, unamwambia mwenyewe imepona kabla ya kuiwasha?"

Nilimwambia ndiyo, kila siku, mteja akiwa amesimama pale pale. Jibu hilo halikumpendeza.

Kulikuwa na Jumamosi ambazo stesheni ilipata filamu ya mechi ya ng'ambo isiyo na sauti wala orodha ya wachezaji. Mwenzake mmoja hakuona taabu hapo. Aliwapa Wazungu wale majina ya kwao kijijini, na kuna siku mjomba wake alifunga magoli matatu Ulaya na kutolewa kwa machela. Mtangazaji hakuweza. Kama jina halikuwa kwenye karatasi, alisema alichokiona. "Mrefu amempa Mwenye Kipara. Mwenye Kipara ameanguka. Mrefu anamtazama." Alikwenda hivyo dakika tisini bila kupumzika. Vijana wa mjini walicheza mpira wa makaratasi wakijiita Mrefu na Mwenye Kipara kwa miaka, na mmoja wao leo ni daktari wa meno ambaye bado anaitwa Mrefu, ingawa urefu wenyewe haukuwahi kufika.

Kwenye televisheni tulimwona amevaa koti na tai. Tulichokuwa hatukioni ni gambuti za mvua miguuni. Katika kiwanja kimoja kibanda cha kutangazia kilivuja, akazoea kuvaa gambuti kwenye viwanja vyote, hata vya jua kali. Alisema juu ni heshima na chini ni kazi. Alipostaafu na kurudi shambani kwake Tetu hakubadili kitu. Alikamua ng'ombe akiwa na tai, akachuma majani chai akiwa na tai, na karani mpya wa kituo cha kupima chai alimsalimu kama mwenyekiti wa wakulima kwa miezi miwili kabla ya kuambiwa ukweli. Baada ya kuambiwa aliendelea, maana alikuwa ameshazoea.

Tetu walimpenda, ila walifanya kosa la kumpa harusi aziongoze. Walidhani mtu aliyesema mbele ya nchi nzima hawezi kushindwa na harusi. "Bibi harusi anaingia kwa mwendo wa wastani," alitangaza kanisani. "Baba yake yuko upande wa kulia. Anaonekana kuchoka." Watu walianza kupiga vigelegele, akawaomba wangojee. Pasta alipomaliza kuwafungisha, Mtangazaji alimuuliza kwenye kipaza sauti, mbele ya wakwe wa pande zote mbili, kama hiyo ilikuwa ya mwisho au kulikuwa na pingamizi. Baada ya harusi ya tatu walimpa kazi ya kupanga viti.

Nyumbani kwake hakukuwa na televisheni. Jambo hilo lilimuudhi mke wake kuliko yote. "Mutu ameishi ndani ya hiyo sanduku miaka yote," aliniambia mama huyo alipoleta redio yake nitengeneze, "na sasa anasema ati haitaki kwa nyumba. Majirani wananiuliza kama tumefukuzwa." Mwenyewe alisema ameona mpira wa kutosha. Lakini kila Jumamosi saa nane alikuwa dukani kwangu, ameketi juu ya sanduku la mbao nililokuwa nikiweka vipuri, akiwasikiliza vijana waliochukua nafasi yake. Aliwahukumu kwa neno moja moja. Huyu anaimba. Huyu amelala. Huyu anafikiri ni redio.

Ni juu ya sanduku hilo hilo mzee mwingine alikuwa akiketi miaka ya nyuma, na habari yake ndiyo iliyonifanya niandike.

Mtangazaji alikuwa na mwana wa kwanza aliyecheza mpira katika timu kubwa ya Nairobi. Alikuwa beki wa kushoto. Si beki wa ajabu, lakini alicheza miaka sita, na timu ile ilionyeshwa sana kwenye televisheni. Sasa, kwetu Magharibi mtoto anapotafutiwa jina huwa kuna mashauriano, wazee wanakaa, mtu anaota ndoto, mwingine anaipinga. Hapa mlimani hakuna mashauriano. Mwana wa kwanza huchukua jina la baba ya baba yake, na si kwamba anafanana naye jina tu. Ni yeye. Nimemsikia mwanamume mzima akimwambia mtoto wa miaka miwili, "Baba, tema hiyo kitu," bila mzaha wowote. Hata nyumbani kwake Mtangazaji, beki yule tangu utotoni aliitwa Baba.

Kwa hiyo mzee wa Tetu, baba yake Mtangazaji, alipoambiwa kwamba jina lake linacheza mpira Nairobi na kwamba mwanawe mwenyewe ndiye anayetangaza, aliomba nafasi kwenye lori la maziwa akaja mjini kusikia. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu. Hakuweza kuona picha, na hakujali. Nilimwingiza ndani nikamkalisha kwenye sanduku, naye akageuza sikio upande wa spika.

"Mimi nacheza wapi?" aliniuliza.

"Beki ya kushoto, guka," nikamjibu, kama huku wanavyomwita babu.

"Huko ni kuzuri?"

"Ni kwa kujitahidi," nikamwambia.

Akasikiliza kipindi cha kwanza. Mtangazaji aliwataja wote. Alimtaja kipa, akamtaja mshika kibendera, akamtaja daktari wa timu aliyeingia na maji. Mpira ulipofika kushoto alisema, "Beki wa kushoto anaurudisha." Mapumziko yalipofika mzee akaniuliza kama jina limepita naye hakulisikia. Nikamwambia labda kipindi cha pili.

Alikuja misimu minne. Jumamosi ambazo lori halikuja alikuja kwa miguu. Hakuna siku hata moja Mtangazaji alipolitaja jina lile. Wachezaji ishirini na mmoja walikuwa na majina, na mmoja alikuwa beki wa kushoto.

Nilimwambia mzee, "Guka, si umwambie? Ni mtoto wako."

Alinitazama pale alipodhani niko. "Nimwambie nini? Ati niite? Mzee haombi mtoto amuite. Kama yeye hana mudomo, basi."

"Labda anaogopa watu waseme anapendelea."

"Sitaki anisifu. Hata akisema nimepigwa chenga ni sawa. Hata akisema nimeanguka." Akapapasa fimbo yake. "Fundi, kwani maiti huanguka? Mutu anaanguka ako hai."

Nilipaswa kumwandikia Mtangazaji barua siku ile. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na karatasi, na anwani ya stesheni ilisomwa hewani kila jioni. Nilijiambia ni mambo ya ukoo wa watu na mimi ni mgeni. Mgeni ni neno zuri sana kwa mtu mvivu.

Kisha lilikuja lile goli. Beki yule hakuwa amefunga maishani, na siku hiyo, katika mechi kubwa, dakika zikiwa zimebaki chache, aliuchukua mpira nusu ya uwanja akaanza kukimbia kwa sababu hakuna aliyemzuia. Watu barabarani walianza kupiga kelele za jina lake. Mzee akasimama. "Beki wa kushoto anaendelea," ikasema spika. "Beki wa kushoto amempita mmoja. Beki wa kushoto amepiga. Mpira uko ndani ya wavu. Tunamngojea refa." Mzee alikuwa ameshika meza yangu kwa mikono miwili, na juu ya meza kulikuwa na pasi ya kuchomelea iliyokuwa na moto, nikaisogeza bila yeye kujua. "Refa ameonyesha kati. Ni goli. Limefungwa na beki wa kushoto."

Mzee aliniuliza ni nani amefunga.

"Umefunga wewe, guka," nikamwambia.

Alivaa kofia yake. Alisema ni vizuri, na kwamba ng'ombe hawajanyweshwa. Hakurudi tena. Alikufa mvua za vuli zilipoanza, na kwenye mazishi Mtangazaji, aliyejulikana nchi nzima kwa ufasaha, alisoma ratiba.

Beki alijua yote hayo, maana Tetu hakuna siri. Goti lilipomtoa kwenye mpira akasomea ualimu, akapelekwa Doldol, huko kwenye ng'ombe na vumbi, akatosheka kukaa huko. Siku moja akielekea huko alipita dukani kununua betri za redio.

"Kuna siku mbwa iliingia uwanjani," aliniambia, akihesabu betri ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa, kwani zilikuwa nne. "Mchezo ikasimama. Mzee wangu akatuma mtu aulize hiyo mbwa inaitwa nani. Akaambiwa. Akaitaja, kwa televisheni. Mimi miaka sita naitwa beki wa kushoto."

Nilimwongezea betri moja.

Mtangazaji alipostaafu na kuanza kuja dukani, nilikaa karibu mwaka mzima kabla ya kulitaja jambo hilo. Siku niliyolitaja mvua ilikuwa imezuia wateja, umeme haukuwepo, na tulikuwa wawili. Nilimuuliza moja kwa moja. Kwanza alinipa jibu la ofisini: ukimtaja mwanao watu watasema unampendelea, usipomtaja hawana la kusema. Nikamwambia walisema hata hivyo. Hapo akanipa jibu la kweli.

"Beki wa kushoto kazi yake ni kupitwa," alisema. "Kila Jumamosi anapitwa mara tano, mara sita. Anateleza. Anapigwa kanzu, mpira unampita juu ya kichwa, watu wanacheka. Na hilo jina ni la baba yangu. Ningesema nini mimi? Niseme mbele ya nchi nzima baba yangu ameanguka chini na watu wanamcheka? Nilimfunika. Ningefanya nini?"

Ndipo nikamwambia. Nilimweleza kuhusu lori la maziwa, kuhusu sanduku alilokalia wakati huo huo, kuhusu misimu minne. Nilimweleza maneno ya mzee kama alivyoyasema, pamoja na lile la maiti. Nilimweleza kuhusu goli na kofia. Nilisema yote bila kupamba, maana yeye ndiye aliyetufundisha.

Alisikiliza mpaka mwisho akitazama televisheni iliyokuwa mezani. Kisha akaniomba nipunguze sauti.

Televisheni ilikuwa imezimwa. Nilinyoosha mkono nikazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho wa kushoto, naye akanishukuru.

Kuanzia hapo hakuzungumzia jambo hilo, wala hakuacha kuja. Ila aliacha kuwahukumu wale vijana. Kijana akipayuka goli wakati mpira uko hewani, Mtangazaji alimwacha apayuke. Alimwandikia mwanawe barua mbili, najua kwa sababu mimi nilizipeleka posta. Sikuzisoma. Zilikuwa nyepesi sana mkononi, nadhani aliandika habari za ng'ombe.

Waswahili husema majuto ni mjukuu. Ya kwake yalikuwa mjukuu kweli, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu na miguu mirefu, na alikuwa Doldol. Beki alikuwa amepata mwana wa kwanza na akafuata desturi kama inavyotakiwa: mtoto alikuwa na jina lote la Mtangazaji. Alifuata desturi kwa kila kitu isipokuwa kumleta. Mtangazaji alikuwa amemwona mara mbili, Krismasi mbili, saa chache.

Kisha ikaja habari kwamba shule itakuwa na siku ya michezo, mjukuu atakimbia mita mia nane, na baba yake, akiwa mwalimu wa michezo, ndiye atakayetangaza. Habari hiyo haikuletwa na beki. Ililetwa na mnunuzi wa mbuzi. Mtangazaji alifika dukani siku ya kazi, akiwa na tai, akaniuliza kama pikapu yangu inaweza kufika Doldol.

"Umealikwa?" nikamuuliza.

"Siku ya michezo haina mwaliko," akasema. Baada ya kupita Nanyuki akaongeza, "Nataka tu kusikia."

Tulikaa kwenye benchi la wazazi upande wa mbali, karibu na mama mmoja aliyekuwa akiuza mandazi. Ardhi ya huko ni nyekundu na kavu. Walipokimbia wanane tu vumbi lilipanda, na mia nane walikimbia ishirini. Hapo hapakuwa na cha kuona. Kulikuwa na wingu linalozunguka uwanja na sauti ya mwalimu kwenye kipaza sauti.

Alikuwa mtangazaji mzuri, nasema ukweli. Hakuimba na hakulala. Aliwataja watoto kwa majina yao, wa Doldol na waliotoka mbali, akisema nani yuko wapi kwenye wingu lile. Mzunguko wa kwanza ulipoisha akasema, "Na sasa amefika mbele kijana wa fulana ya manjano."

Nilikuwa nimemwona mjukuu kabla ya mbio. Alikuwa amevaa fulana ya manjano.

"Kijana wa fulana ya manjano bado anaongoza," ikasema sauti. Nilimtazama Mtangazaji. Alikuwa ameweka mikono yake miwili juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha. "Ni haki," akaniambia. Nilitaka kumchukia yule mwalimu, nikashindwa, maana nilizikumbuka zile betri.

Aliyetangulia mapema huchoka mapema. Mita mia mbili za mwisho majina mengine yalianza kupita mbele, moja baada ya lingine, na fulana ya manjano haikutajwa tena. Wakamaliza. Wa kwanza akatajwa, kijana wa Doldol, watu wakapiga kelele. Wa pili akatajwa. Wa tatu akatajwa. Huko, kama kila mahali, baada ya wa tatu hakuna anayetangazwa. Watu walianza kusogea kuelekea kwenye maji, na wasichana waliitwa mstarini.

Kipaza sauti hakikuzimwa. Kilikaa wazi, kikinguruma, na katika ngurumo hiyo nilisikia mtu akivuta pumzi.

"Na wa tisa," akasema mwalimu.

Akalitaja jina. Alilitaja lote, la kanisani, la nyumbani na la ukoo, polepole, kama linavyosomwa mahali ambapo halitarudiwa. Kisha akasema, "Wa Tetu, Nyeri." Watu wachache wakacheka, kwa kuwa wa tisa ni wa tisa, na hakuna anayeweza kumpendelea wa tisa. Mimi nililia, na sikuwa na mtu yeyote katika mbio zile.

Mtangazaji alisimama. Ilimchukua muda, kwa sababu ya magoti. Aliweka tai yake sawa, akakabili upande wa sauti ilikotoka, ambako hapakuonekana kitu ila vumbi.

"Niko," akasema.

Mama wa mandazi alimvuta koti taratibu. "Kaa chini, mzee," alimwambia kwa upole. "Si wewe wanaita. Ni mtoto."

"Ni mimi," Mtangazaji akamjibu, na hakukaa.